Mguu wa Kabati la Wamae

Sasa ni mimi wa kuandika? Wasomi wamejaa mji huu wa Nyeri, wengine na kalamu tatu mfukoni, na bado mtu anawaacha hao wote anakuja kumsumbua mwanamke mzee aliyejulia herufi darasa la ngumbaru, akiwa tayari na mvi. Ati nieleze habari za ndugu yangu Othmani na ile televisheni. Habari zenyewe kila mtu anazisema, na kila mtu anazisema vibaya, na miaka yote hii hakuna aliyebisha mlango wangu kuuliza. Haya. Nitaandika kama ninavyojua, na asije mtu na wino mwekundu kunirekebishia.

Othmani bin Jumaa alizaliwa hapa hapa Majengo. Baba yetu alikuja na jeshi kutoka Tanganyika, mzigo wa Mzungu kichwani, akafika Nyeri akaona baridi, akasema hii baridi nikiivuka tena nitakufa, akakaa. Mama yetu Zabibu alikuwa nusu wa huku na nusu wa kule, na aliuza vitumbua karibu na soko. Baba alikufa Othmani akiwa hajaota hata ndevu. Akaenda kwa fundi mmoja Mhindi kufagia maranda. Miaka miwili alifagia tu. Wa tatu akaruhusiwa kushika randa, na tangu siku hiyo mkono wake haukupumzika.

Alikuwa mtu wa maneno machache, kofia nyeupe safi hata akiwa ndani ya vumbi la msasa. Na alikuwa na tabia ya kugonga. Ukimletea ubao, anaugonga na kifundo cha kidole, anainamisha sikio, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Watu walimcheka. Wanamuuliza, fundi, umejibiwa nini? Naye anasema, ubao umesema bado ni mbichi, urudi nao mwezi ujao. Misumari hakuipenda. Alisema msumari ni ahadi ya mlevi, inashika leo, kesho imesahau. Yeye alichonga ulimi na tundu, mbao zikaingiana, na kitu alichounganisha Othmani ungeweza kukifunga nyuma ya ng'ombe akikokote mpaka Karatina.

Sasa huyo Wamae. Wakati wa Dharura, Mzungu akiwasaka vijana wa huku, mwaka wa hamsini na nne, kijana mmoja wa Gakindu, huko Mukurweini, alikutwa mjini bila karatasi ya ruhusa. Akakimbia, mlango wa kwanza aliouona wazi ni wa Mama. Mama alikuwa anakaanga. Hakumuuliza jina. Alimvalisha kanzu ya marehemu baba yetu, akamtia kofia, akamkalisha mbele ya karai na kijiti cha kugeuzia. Askari wakaingia, wakauliza, na huyu? Mama akasema, huyu ni mwanangu wa pili, kichwa chake si kizuri, tafadhali msimpigie kelele. Wakaondoka na vitumbua mkononi.

Huyo ndiye Wamae. Alikaa kwetu miezi saba, mkeka mmoja na Othmani. Ramadhani alijaribu kufunga, siku ya tatu Mama akamkuta nyuma ya nyumba anatafuna muhogo, na Mama alimcheka mpaka akalia. Mambo yalipopoa akarudi kwao. Lakini hakupotea. Kila msimu alileta maharagwe, na Mama alipokufa alishika jembe kaburini kama sisi. Kwa hiyo Othmani alipomwita ndugu, hakuongeza neno lingine mbele wala nyuma.

Ikaja miaka ya kahawa. Sabini na sita, sabini na saba, kahawa ilipanda mpaka watu wa Mukurweini wakaanza kununua vitu ambavyo hawakujua vinawashwa wapi. Wamae alikuwa na miti mingi. Akajenga. Kisha akanunua televisheni, moja ya zile kubwa zenye sanduku la mbao, inayokula betri ya gari, na nje akasimamisha mlingoti wa antena uliopita mti wa mparachichi.

Siku moja ya soko alifika karakana ya Othmani, koti jipya, viatu vinalia. Akakaa juu ya mbao bila kuzipangusa.

"Ndugu yangu, mimi nataka kabati ya kujaza ukuta," akasema. "Kutoka mlango mpaka dirisha. Ikae hapo kama imezaliwa na nyumba. Na hiyo televisheni ikae katikati, juu, kila mtu aione."

Akaeleza sababu. Binti yake Watiri alikuwa anatakwa na Muriithi, kijana wa Tetu. Watu wa Tetu wangekuja Gakindu kwa mazungumzo ya mahari, ruracio wanavyoiita wenyewe, na baba wa kijana, mzee Kingori, hakuwa mtu wa kuchezea. Alikuwa na chai na ng'ombe wa maziwa, mzee wa kanisa, na tena mwenyekiti wa kamati iliyokuwa inajenga bweni la wasichana huko kwao. Bweni hilo lilihitaji vitanda na makabati ya chumba hadi chumba. Wamae akamgonga Othmani begani, akamwambia Kingori akiona mkono wako kwangu, hiyo kazi yote ni yako.

Othmani jioni hiyo alikula sahani mbili. Si kwa sababu ya faida. Nilimjua ndugu yangu. Maisha yake yote alikuwa ametengeneza stuli hapa, mlango pale, rafu ya mwalimu fulani. Alitaka mara moja kabla hajazeeka jina lake likae katika nyumba kubwa, watu wapite waseme hii ni kazi ya Othmani.

Akaenda Gakindu na vyombo vyake kwenye kikapu. Nyumba aliiona tangu barabarani: nyeupe, mabati mapya, kuta za mawe yaliyopangwa vizuri. Akafurahi, kwa sababu ukuta wa mawe ni rafiki wa fundi. Unatoboa na tindo, unapigilia kabari ya mti mkavu ndani ya tundu, unatia skrubu ndefu, na kabati haliendi popote mpaka Kiyama.

Akaingia sebuleni, akaugonga ukuta na kidole kama kawaida yake, akainamisha sikio. Akagonga tena, mahali pengine. Akachukua tindo na nyundo. Pigo la kwanza likatoa unga wa kijivu, ni simiti. Pigo la pili unga ukatoka mwekundu.

Othmani akasimama anauangalia huo unga unavyomwagika juu ya sakafu. Ulikuwa udongo. Ukuta mzima ulikuwa fito na udongo, umevishwa waya wa kuku, ukapakwa simiti juu, na mistari ya mawe ikachorwa na msumari simiti ikiwa bado laini, na kupakwa chokaa. Fundi aliyefanya kazi hiyo alichora vizuri, lazima niseme ukweli.

Wamae alikuwa mlangoni. Akafunga mlango nyuma yake, ndipo akaja karibu.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Majirani hawajui?"

"Majirani wanajua, na hakuna jirani ya Tetu hapa. Mimi nimemwambia Kingori nyumba yangu ni ya mawe. Nimemwambia mbele ya watu, Othmani. Akijua ni matope, atasema mimi nachora mawe kama mtoto ya shule, na msichana wangu atabaki kukaa na mimi."

Othmani akamuuliza, sasa kabati nilifunge kwenye nini? Wamae akasema funga tu, nani ataangalia nyuma? Hapo ndugu yangu akakaa chini akamweleza polepole, kama mtu anayefundisha sala. Skrubu ndani ya udongo ni kijiko ndani ya uji. Na televisheni si redio. Akamwita waiinue pamoja. Wakainua. Akamuuliza, uzito umeusikia uko upande gani? Wamae alidhani uko nyuma, kwenye ule mgongo mrefu. Othmani akamwambia hapana, uko usoni. Kile kioo ndicho jiwe. Hiki kitu kinataka kuanguka kifudifudi siku zote, kama mtu aliyekula pombe amesimama. Ukikiweka juu ya rafu isiyo na kitu chini, kitaivuta rafu mbele kidogo kidogo, leo unywele, kesho unywele, na siku utakayokuwa na wageni kitashuka.

Kwa hiyo akajenga namna nyingine. Kabati lile hakulifunga ukutani hata skrubu moja. Alisimamisha nguzo za mti wa podo kutoka sakafuni mpaka kwenye boriti ya dari, mbili pembeni kila upande, kabati likajisimamia lenyewe kama ng'ombe. Nyuma akaziba na plaiwudi, udongo usionekane hata kwa bahati mbaya. Na chini ya rafu ya televisheni, katikati, mbele, hapo ndipo akaweka mguu. Mguu mmoja wa podo, mnene kama mkono, umechongwa ukaingia sakafuni na juu ukaingia kwenye rafu. Televisheni akaisukuma nyuma mpaka ikagusa plaiwudi, na mgongo wake akaufunga na mkanda wa ngozi kwenye nguzo. Siku tisa alifanya kazi, analala kwao, anakula kwao. Siku ya mwisho alipaka vanishi mara mbili, na mke wa Wamae, Magdaline, akasema nyumba imepata uso.

Wamae akazunguka, anaangalia, anarudi. Kisha akasimama mbele ya ule mguu.

"Hii ni mzuri sana," akasema. "Lakini hii mguu inaniharibia. Mtu ataniuliza, Wamae, ukuta ya mawe inatembea na fimbo ya nini?"

Othmani akaushika ule mguu. Akamwambia nguzo nyingine zote ni za kabati, lakini huu ndio wa televisheni. Ukiutoa huu, ni kama umeifungua mkanda na kuisukuma. Akamtaka aape. Wamae akaapa, na hakuapa kwa mdomo tu, aliapa kwa Mama yetu Zabibu aliyelala makaburini. Othmani akarudi Majengo amenyamaza na siri ya mtu, moyo mweupe.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi ya Desemba. Wamae alimwalika Othmani aje kama ndugu, akae upande wa wenye nyumba. Nilimpigia kanzu yake pasi mwenyewe. Alichelewa kidogo, akakuta watu wa Tetu wameshakaa, mzee Kingori kwenye kochi mbele kabisa, fimbo yake kati ya magoti, Muriithi kando ya mjomba wake. Kabati linang'aa. Na kutoka kwenye rafu ya televisheni Magdaline alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha sindano moja, kirefu, kikashuka mpaka karibu na sakafu.

Othmani alikiona akafurahi. Alifikiri mwanamke huyu ana akili, ameuvika mguu nguo badala ya kuuchukia. Akakaa, akapewa chai. Kingori akaambiwa huyu ndiye fundi. Mzee akamwangalia kutoka kofia mpaka viatu, kisha akaangalia kabati, na akasema kwa sauti ya chini kwamba wao huko Tetu wana mbao nyingi na hawana mkono wa namna hiyo, na kwamba wangezungumza baada ya chakula. Othmani aliniambia baadaye kwamba chai hiyo aliinywa bila kujua ina sukari au haina.

Mazungumzo yakaenda vizuri. Wazee wakasema kwa mafumbo yao, ati tumemwona mwana-kondoo katika boma hili, wakajibiwa, wakacheka. Alasiri ikasogea. Saa ya televisheni kuanza ilipofika, Wamae akasimama mwenyewe aiwashe. Picha ikaja, imejaa mvua. Akaegemea rafu kwa mkono mmoja, na mkono mwingine akazungusha kitufe, watu wakamwelekeza, huku, hapana, rudi.

Ndipo Othmani akausikia ubao. Hakuna mwingine aliyeusikia. Ulitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti. Akasimama, akamwambia mzee Kingori aondoe miguu. Mzee akageuka kumwangalia badala ya kuondoa miguu. Rafu ikainama katikati, ikachomoka upande mmoja, mkanda wa ngozi ukang'oa skrubu yake, na lile sanduku likaja kifudifudi. Kioo kililipuka kama bunduki. Wamama waliokuwa nje na sufuria walilala chini, kwa sababu walikuwa na umri wa kukumbuka bunduki.

Moshi ulipotulia, mzee Kingori alikuwa amekaa pale pale. Mguu wake wa kulia ulikuwa chini ya kona ya sanduku. Wakaliinua. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika. Hakulia. Magdaline akavuta kile kitambaa cha kufuma kumfungia damu, na kitambaa kilipoondoka Othmani akaona. Mguu wa podo haukuwapo. Sakafuni kulikuwa na duara jeupe la mti, umekatwa na msumeno sawa na simiti, na juu kwenye rafu duara lingine kama hilo. Ni kazi ya asubuhi ile. Unga wa msumeno ulikuwa bado kwenye kona.

Wamae akawa wa kwanza kusema. Hakumwangalia ndugu yangu. Alisema na ukuta.

"Mimi nilimwambia huyu afunge kwa mawe na skrubu. Akakataa. Ati yeye anajua. Sasa ona."

Chumba chote kikageuka. Mzee Kingori akanyoosha mguu wake uliofungwa, akamwangalia Othmani, na hakuwa na hasira hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya.

"Fundi," akasema, "mimi si mtu wa mbao. Lakini ukuta wa mawe uko hapo nyuma, umesimama. Kwa nini mtu aache ukuta wa mawe, aweke kitu kizito namna hii juu ya vijiti?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja, na jibu lenyewe lilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Angeng'oa ile plaiwudi kwa vidole. Angegonga mara moja. Unga mwekundu ungejisemea. Othmani akamtazama Wamae, akangoja. Wamae alikuwa ameinama anaokota vipande vya kioo, kimoja kimoja, kama mtu aliyepoteza pete. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Watiri alisimama hapo na sinia la vikombe. Msichana huyo kitanda chake cha kitoto alikitengeneza Othmani.

"Kosa ni langu, mzee," akasema.

Mzee Kingori akatikisa kichwa, akageuka upande. Habari ya bweni haikutajwa tena siku hiyo wala siku nyingine. Mahari yaliendelea. Watu wa Tetu hawakutaka kuonekana wanakimbia kwa ajili ya sanduku.

Wamae alimsindikiza Othmani mpaka barabarani, amemshika mkono kwa mikono miwili, machozi yanamtoka. Akamwambia ndugu yangu umeniokoa, nivumilie mpaka harusi ipite tu. Harusi ikipita, mimi mwenyewe nitaenda Tetu kwa miguu yangu nimwambie Kingori ukweli, na nitamwambia mbele ya wale wale. Othmani akaamini. Alikuja akanieleza yote, nami nikamwambia wewe ni mjinga, tena mjinga wa kiwango. Akasema, dada, yule si mtu wa nje.

Basi tukangoja. Januari, Februari. Habari ikatangulia mbele yetu, maana habari haingoji harusi. Mwalimu aliyeagiza rafu ya vitabu akatuma mtu kusema amebadilisha mawazo. Mwenye hoteli aliyetaka meza akanunua za chuma. Sokoni mtu akivuta stuli anauliza, hii ni ya kukalia ama ni ya Othmani? Watu wanacheka. Mlango ukitoka bawaba, ni wa Othmani. Daraja la miti likichukuliwa na mto, alilijenga Othmani. Hata hapa Majengo, watu waliokula chakula chetu, walimwambia mtu anayepanda ngazi mbovu, angalia usianguke Kiothmani. Jina alilolitaka likae katika nyumba kubwa lilipata nyumba zote za wilaya, lakini namna hiyo.

Naye alikaa karakana anapiga randa mbao zisizo na mwenyewe. Nikimwambia sema, anajibu harusi bado.

Harusi ilikuwa baada ya Pasaka, kanisani Tetu. Othmani alikuwa ametengeneza kitanda cha podo, kichwa chake kimechongwa majani ya mkahawa, zawadi ya Watiri. Hakuna aliyekuja kukichukua, na hakuna aliyetuletea kadi. Tuliisikia harusi kutoka kwa watu waliokula pilau yake.

Akangoja mwezi mmoja zaidi, ati Wamae apumzike. Kisha akavaa kofia, akatia tindo na nyundo ndani ya kikapu, akaenda Gakindu.

Alimkuta kiwandani, mahali kahawa inapoanikwa, amekaa na wanaume kama kumi kwenye gogo. Walikuwa wanacheka kabla hawajamwona. Wamae alikuwa anagonga lile gogo na kifundo cha kidole, anainamisha sikio, na kukunja uso, na mmoja anamuuliza, fundi, imesema nini? Kicheko kikakatika kimoja kimoja, kama maji ya bomba.

Othmani akasalimu. Akaomba waongee kando. Wamae hakusimama.

"Ongea hapa," akasema. "Hawa ni watu wangu."

"Harusi imepita, ndugu yangu."

"Imepita, tunashukuru Mungu."

"Kuna safari uliniahidi ya Tetu."

Wamae akaangalia wenzake, akarudi kwake. Na ndugu yangu aliniambia kwamba uso aliouona hapo haukuwa wa mtu anayedanganya. Ulikuwa wa mtu aliyesema neno mara nyingi mpaka akaliamini.

"Othmani, wewe ulikosa kazi, na ulikubali mwenyewe mbele ya wazee. Mimi sikukulaumu sana. Sasa unataka nini tena? Wewe ni mtu ya Majengo. Ukisema yako na mimi niseme yangu, hapa watasikia nani?"

"Mama yangu alisema wewe ni mwanawe."

"Mama yako alikuwa mtu mzuri," Wamae akasema, na akashika kahawa mkononi akaanza kuichagua.

Hakuna mwanamume hata mmoja pale aliyeinua macho. Na wote walikuwa majirani. Wote waliuona ukuta ule ukikandikwa udongo, wengine walichota maji yake.

Othmani akapanda mpaka nyumbani kwa Wamae. Akasimama mbele ya ukuta wa nje, kwenye ile mistari iliyochorwa, akatoa tindo, akaliweka juu ya simiti. Magdaline akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maziwa. Akaiweka chini. Hakupiga kelele.

"Gonga, shemeji," akasema. "Mimi sitakuzuia. Gonga uangushe."

Othmani akachukua nyundo, akainua mkono.

"Mimi ndiye nilishika ule mguu akikata," Magdaline akasema. "Nilishika na mikono yote miwili usitikisike, ukatwe sawa. Na kitambaa nilikitandika mimi. Nilitaka mtoto wangu atoke kwa hii nyumba aende kwa nyumba ya watu. Ametoka. Basi gonga."

Aliniambia kwamba hapo mkono wake ulikuwa tayari juu. Lakini akafikiri. Nikiutoboa, kesho watasema Othmani hajui kabati na tena anavunja nyumba za watu wakiwa kazini. Udongo hautaniita fundi. Aliyenichukulia jina alilichukua kwa mdomo, na ni mdomo huo huo tu unaoweza kulirudisha. Akatia tindo na nyundo kikapuni. Magdaline akamwambia aingie anywe maziwa, akasema asante shemeji, akashuka.

Miaka minane aliishi baada ya hapo. Hakutengeneza kabati tena. Alitia mipini ya majembe, alirekebisha jeneza la msikiti, basi. Kitanda cha majani ya mkahawa nilikitaka tukiuze, akakataa, akakilalia mwenyewe, na juu ya kitanda hicho ndipo alipofia, mwaka wa themanini na sita, mwezi wa mfungo pili. Kila mtu kutoka Gakindu akipita hapa na salamu, aliuliza kwanza kama Wamae amesema neno. Wamae hakuja kuzika. Alituma sukari. Niliirudisha na mfuko wake.

Sasa wewe uliyenilazimisha mkono huu unaouma kuandika kurasa zote hizi, usikunje karatasi ukaenda kunywa chai. Wamae yuko hai. Macho yake yameisha, lakini masikio ni mazima, na kila alasiri wanamkalisha nje, jua linapopiga ukuta, na watu wanakuwapo. Nenda Gakindu. Simama mbele yake umsomee haya yote kwa sauti, kutoka juu mpaka hapa, usiruke mahali. Ukimaliza usiongeze neno lako. Ngoja ajibu, hata kama ni mpaka giza. Kisha uje uniambie alivyosema, kwa maneno yake, si yako. Mimi niko hapa nyumbani, sina safari.